Programu Inaamkia Wapi?

Kuna lalamiko ambalo kila mwandika programu atalisikia, au atalitoa mwenyewe, na maneno yake huwa ni yaleyale: "Nikiiendesha kwa mkono inakwenda vizuri. Nikiiachia ratiba iiendeshe usiku, inasema haioni faili." Faili lipo. Ruhusa zipo. Skripti ni ileile, haijaguswa hata nukta. Mlalamikaji atakuapia kwamba hajabadilisha kitu, na wala hasemi uongo. Kilichobadilika hakimo ndani ya skripti. Kimo kwa aliyeiwasha.

Kila mchakato, yaani kila programu iliyo kazini, una folda moja ambayo mfumo endeshi unaihesabu kuwa ndipo ulipo. Hiyo ndiyo folda ya kazi. Haiandikwi kwenye faili la programu wala kwenye mipangilio yake. Inatunzwa na kiini cha mfumo, pamoja na habari nyingine za mchakato huo, kama vile ni wa mtumiaji yupi na umefungua mafaili gani. Programu ikiomba `data/orodha.csv`, kiini kinaanza kutafuta kutoka kwenye folda hiyo. Ikiomba `/srv/data/orodha.csv`, folda ya kazi haiulizwi. Njia isiyoanzia kwenye mzizi (`/`, folda ya juu kabisa) ni nusu ya anwani, na ile nusu nyingine anaijaza mtu mwingine.

Kwenye Unix na jamaa zake, kama vile Linux na macOS, mtu huyo ni mchakato mzazi, yaani ule ulioiwasha programu. Mzazi anapojigawa kwa `fork`, mtoto anarithi folda ya kazi kama ilivyo wakati huohuo. Mtoto anapojigeuza kuwa programu nyingine kwa `exec`, folda inabaki ileile. Windows imepita njia tofauti ikafika palepale: `CreateProcess` ina kigezo kiitwacho `lpCurrentDirectory`, na ukikiacha kitupu, programu mpya inaanza pale alipo mzazi.

Mimi nimezoea kuihesabu folda ya kazi kuwa hoja ya programu, yaani habari unayoipa unapoiwasha, sawa na hoja nyingine zote, ila hii haiandikwi. Tunaandika jina la programu, tunaandika hoja zake moja moja, tunazikagua alama za kunukuu mpaka macho yanauma, halafu hoja moja nzito inapita kimyakimya. Sina ugomvi na urithi wenyewe. Mtu aliye mbele ya terminali akiandika `ls`, anataka kuona vitu vya pale alipo, na bila urithi huo terminali ingekuwa adhabu. Ugomvi wangu ni kuutegemea mahali ambapo hakuna mtu mbele ya chochote: kwenye ratiba, kwenye huduma za seva, na zaidi ya yote kwenye programu ambayo kazi yake ni kuwasha programu nyingine. Hapo nataka hoja iandikwe.

Jambo hili lina umri sawa na Unix yenyewe. Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa mfumo huo pale Bell Labs, amelieleza kwenye historia aliyoiandika. Mwanzoni, kwenye mashine ya PDP-7, kila terminali ilikuwa na mchakato mmoja tu, na `chdir` ilikuwa amri ya kawaida kama nyingine: inauhamisha mchakato huo mmoja, basi. Walipoongeza `fork`, kila kitu kilionekana kwenda sawa, mpaka wakagundua kwamba `chdir` imeacha kufanya kazi. Wakaisoma kodi na kuisoma tena. Kumbe kodi haikuwa na kosa. Amri ilikuwa inawashwa kwenye mchakato wake mpya, inauhamisha mchakato huo kama ilivyoagizwa, kisha mchakato unakufa na sheli, programu inayopokea amri zako, inabaki ilipokuwa. Dawa ikawa kuitia `chdir` ndani ya sheli yenyewe. Ndiyo maana hadi leo `cd` ni amri ya ndani ya sheli, na ndiyo maana skripti yenye `cd` haiwezi kukuhamisha wewe uliyeiita.

Sasa mtazame huyo mzazi ni nani, maana anabadilikabadilika. Kazi iliyomo kwenye crontab yako, ile orodha ya kazi za ratiba, inaamkia kwenye folda yako ya nyumbani. Amri unayoituma kwa ssh nayo inaamkia nyumbani, lakini nyumbani kwa mtumiaji wa ile mashine ya mbali. Huduma ya mfumo inayowashwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, inaamkia kwenye mzizi, `/`, kama hukuandika `WorkingDirectory=`. Huduma ya Windows inaamkia ndani ya System32. Programu iliyobofywa kwenye Finder ya macOS inaamkia `/`. Ndani ya kontena la Docker, kisanduku kinachotenga programu pamoja na mafaili yake, ni pale palipotajwa na `WORKDIR`, na kama hapakutajwa, ni `/` tena. Programu ya kuandikia kodi, kwa kawaida, itakuwashia kutoka kwenye folda kuu ya mradi, ndiyo maana "kwangu inafanya kazi" ni maneno ya kweli kabisa na hayamsaidii mtu.

Huo mtindo wa kuamkia `/` si uzembe wa waliotunga. Programu zinazokaa nyuma ya pazia hupelekwa kwenye mzizi kwa makusudi, kwa sababu mchakato ulio ndani ya diski fulani unaishikilia diski hiyo: ukitaka kuichomoa kwa `umount`, mfumo unakuambia ina shughuli. Windows ni kali zaidi. Folda ambayo ni folda ya kazi ya mchakato wowote haifutiki mpaka mchakato huo uondoke. Umewahi kuambiwa folda tupu haifutiki kwa kuwa inatumika? Tafuta dirisha la amri ulilolisahau limefunguliwa humo. Linux, kinyume chake, inakuruhusu kufuta folda ambayo mchakato umo ndani yake. Mchakato haufi, ila unabaki mahali pasipo na jina: ukiuliza `getcwd` unapata kosa, na `/proc`, mahali Linux inapoonyesha habari za michakato, inaiandika ile njia ya zamani ikiwa na neno `(deleted)` mwishoni. Nimewahi kuiona seva ikilalamikia folda ambayo kwa macho yangu ilikuwepo, ikiwa na jina lilelile. Folda ya kwanza ilikuwa imefutwa wakati wa kusambaza toleo jipya na nyingine ikaundwa mahali pake. Jina lilikuwa moja, folda zilikuwa mbili, na mchakato ulikuwa kwenye ile ya marehemu.

Basi unataka kuwasha programu nyingine na iamkie mahali fulani. Wengi hukimbilia kuhama wao wenyewe kwanza: unaita `chdir`, unawasha mtoto, unarudi ulikotoka. Kwenye skripti ndogo yenye mstari mmoja wa kazi, sawa. Kwenye programu kubwa, hapana, na sababu yake wengi hawaiwazi: folda ya kazi ni ya mchakato mzima, si ya uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato. Uzi mmoja ukihama, nyuzi zote zimehama. Ule mwingine uliokuwa unafungua `logi/leo.txt` sekunde hiyohiyo utalifungua kwenye folda ya mwenzake, na halitatokea kosa lolote, kwa sababu faili jipya linaundwa vizuri tu mahali pasipotakiwa. Na kama kuwasha mtoto kutashindikana katikati, ule mstari wa kurudi unaweza usifikiwe kabisa. Java iliamua kuukata mzizi wa fitina: haina njia rasmi ya mchakato kuhama ukiwa kazini. Ina `ProcessBuilder` yenye `directory`, ambayo inahusu mtoto peke yake.

Kwenye sheli unaweza kuhama ndani ya mabano, kwa sababu mabano yanatengeneza sheli ndogo inayokufa na uhamisho wake:

`(cd kazi && ./jenga)`

Zile alama mbili za `&&` ndizo zinazobeba usalama wote. Ukiweka nukta-mkato badala yake, `cd` ikishindwa amri inayofuata inaendelea hapohapo ulipo. Kama amri hiyo ni `./jenga`, utapata ujumbe wa kosa. Kama ni `rm -rf *`, itafuta vya hapo ulipo bila kusema neno.

Njia iliyo safi ni kumwambia anayewasha aweke folda kwa ajili ya mtoto tu, na karibu kila lugha inayo. Python ina `cwd`, Go ina `Dir`, Rust ina `current_dir`, Node nayo ina `cwd`, .NET ina `WorkingDirectory`. Kwenye Unix kinachofanyika chini yake ni rahisi: baada ya `fork` na kabla ya `exec`, mtoto anajihamisha mwenyewe, na mzazi haguswi.

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Kumbe kuna maswali mawili yanayochanganywa kila siku: programu yenyewe ipo wapi, na ikishawashwa itakuwa wapi. Tazama mstari huu wa Python:

`subprocess.run(["./jenga.sh"], cwd="mradi")`

Je, `./jenga.sh` inatafutwa pale alipo mzazi, au ndani ya `mradi`? Kwenye Linux ni ndani ya `mradi`, maana mtoto ameshahama wakati `exec` inapoitwa. Ukichukua mtindo huohuo wa njia isiyo kamili ukaupeleka Windows, programu inatafutwa kwa kuhesabu kutoka alipo mzazi, na `cwd` haihusiki na utafutaji huo. Nyaraka za Python zinasema wazi kwamba hili hutofautiana kati ya mifumo, na zinashauri njia kamili. Nyaraka za Rust zinakwenda mbali zaidi: njia ya programu isipokuwa kamili, tabia hiyo si ya kutegemewa hata kidogo. Napenda nyaraka zinazokiri hivyo.

Kwenye .NET hali ni ya kuchekesha, kama si wewe unayeitafuta hitilafu. `WorkingDirectory` ina maana mbili. `UseShellExecute` ikiwa `false`, ni folda ambayo mtoto ataamkia. Ikiwa `true`, ni folda ambamo programu ya kuwashwa imo. Jina moja, maswali mawili tofauti, na kinachochagua ni swichi nyingine kabisa. Halafu swichi hiyo, usipoigusa, ilikuwa `true` kwenye .NET Framework na ikawa `false` kuanzia .NET Core. Kwa hiyo kuna kodi iliyohamishwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kubadilishwa herufi, na maana yake ikageuka njiani.

Go iliamua mwaka 2022, katika toleo la 1.19, kwamba ukiita programu kwa jina tupu na ikaonekana imepatikana kwenye folda ya sasa, itakataa kuiwasha mpaka useme wazi kwamba ndivyo unavyotaka. Sababu ni usalama. Windows kwa mazoea yake ya zamani hutazama folda ya sasa hata pale ambapo PATH, yaani orodha ya folda za kutafutia programu, haijaitaja, kwa hiyo mtu akikuwekea `git.exe` yake (git ni chombo cha kutunza matoleo ya kodi) ndani ya folda unayoifanyia kazi, unaweza kuiwasha ya kwake ukidhani ni yako. Waliolalamika kwamba badiliko hilo limewavunjia kodi walikuwa na haki ya kulalamika. Bado naona Go ilifanya vyema.

Makosa yenyewe yanaposomwa ndiyo balaa. Chukua Node. Unawasha git na kuipa `cwd` ya folda ambayo bado haijaundwa. Jibu linalorudi:

`Error: spawn git ENOENT`

Lisome tena ukiwa hujui sababu. Linasema git haipo. Utaandika `which git`, itaonekana. Utakagua PATH, iko sawa. Utaingia ndani ya kontena kuhakikisha git imesakinishwa, imesakinishwa. Pengine utaisakinisha upya kwa hasira. ENOENT maana yake ni kwamba kuna kitu kimetafutwa hakikuonekana, na Node inaitumia hiyohiyo kwa programu isiyokuwepo na kwa folda ya kazi isiyokuwepo. Jina la git limewekwa hapo kwa sababu ndilo uliloliita, si kwa sababu ndilo lenye tatizo. Nyaraka zinaeleza hivyo, ila nani anafungua nyaraka za `spawn` wakati ujumbe unamwelekeza kwenye git?

Python katika hali hiyohiyo kwenye Linux inalitaja jina la folda, kwa sababu waliotunga waliona vyema kutofautisha mtoto aliyeshindwa kuhama na aliyeshindwa kugeuka. Ni mistari michache ya kodi, lakini inamwokolea mtu mchana mzima. Na systemd, ambayo watu hupenda kuisema vibaya, hapa inastahili sifa: huduma ikishindwa kuingia kwenye folda yake, hali yake inaandikwa `200/CHDIR`. Huna haja ya kubashiri. Kama folda inaweza kukosekana na wewe huna neno, unaweka kistari mbele ya njia kwenye `WorkingDirectory=` na huduma inaendelea.

Kuna nakala ya pili ya habari hii, nayo inadanganya mara kwa mara: kigezo cha mazingira `PWD`. Sheli ndiyo inayokiandika kila unapohama. Kiini hakikijui. Ukimwashia mtoto folda nyingine kwa `cwd`, lugha nyingi hazigusi `PWD`, kwa hiyo mtoto yumo ndani ya `mradi` huku mazingira yake yanasema yuko kwingine. Sheli ikiwashwa hukagua na kusahihisha, lakini programu nyingine huamini tu. Go, katika toleo lilelile la 1.19, ilianza kuiweka `PWD` yenyewe unapotaja `Dir`. PowerShell, sheli ya Microsoft, nayo ina sarakasi yake: `Set-Location` inahamisha kikao, haihamishi mchakato, kwa hiyo programu ya nje unayoiita inaamkia unapopaona kwenye skrini, ilhali ukiita `[IO.File]::ReadAllText('orodha.txt')` inasoma kutoka pale mchakato ulipoamkia zamani.

Upande wa mtoto nao una wajibu. Msimamo wangu ni huu: mafaili ya programu, kama vile picha zake, violezo vyake na mipangilio iliyokuja nayo, yatafutwe kwa kuanzia pale programu ilipo. Mafaili ya mtumiaji, yale aliyoyataja kwenye hoja, yatafutwe kwa kuanzia folda ya kazi. Programu inayojihamisha kwenda kwenye folda yake mara tu inapoamka, ili ione violezo vyake, inaharibu njia zote ambazo mtumiaji ameziandika. Mtu ameandika `ripoti.txt` akimaanisha ya pale alipo, na programu inatafuta `ripoti.txt` kwenye folda ya usakinishaji.

Na folda ya kazi ni kitu kinachotoka nje, hivyo kitendewe kama kila kinachotoka nje. Git huanzia ulipo na kupanda juu, folda kwa folda, ikitafuta `.git`. Mwezi Aprili 2022 ilitolewa git 2.35.2 kuziba tundu lililopewa namba CVE-2022-24765: kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi, mtu angeweza kuweka `.git` yake kwenye folda ya juu, na mwenzake akiita git akiwa chini yake, mipangilio ya mwenye hila ingesomwa, pamoja na amri zilizomo. Tangu hapo git hukataa hazina, yaani folda yenye `.git`, inayomilikiwa na mtumiaji mwingine mpaka uiorodheshe kwenye `safe.directory`. Watu waliona usumbufu kwenye kontena, ambamo mmiliki wa mafaili na mwendeshaji mara nyingi ni tofauti, na bado hadi leo tiba ya haraka inayopitishwa mkono kwa mkono ni kuandika nyota ili folda zote zikubaliwe. Siipendi.

Programu nyingi zimekuja na swichi yake ili usilazimike kuhama: `git -C`, `make -C`, `tar -C`. Kwa zile zisizo nayo, `env` ya GNU ilipata `-C` kwenye furushi la amri la coreutils 8.28 la mwaka 2017, kwa hiyo `env -C /srv/mradi programu` inatosha bila sheli wala mabano. Cha ajabu ni `posix_spawn`, njia rasmi ya kuwasha mchakato bila kupitia `fork` mwenyewe. Kwa miaka mingi haikuwa na namna ya kutaja folda ya kazi, na aliyeihitaji alilazimika kurudi kwenye `fork` na `exec`. Glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux nyingi, iliongeza yake kwenye toleo la 2.29 mwaka 2019, ikiwa na herufi `_np` mwishoni za kukuonya kwamba bado si ya viwango. POSIX, kiwango chenyewe cha mifumo ya aina ya Unix, iliikubali kwenye toleo la 2024.

Ninapoandika programu ya kuwasha nyingine, naigeuza njia ya programu kuwa kamili kwanza, kabla ya kugusa jambo lolote la folda. Kisha nahakikisha folda ipo na nikitoa kosa nalitoa kwa jina la folda. Kisha naweka `cwd` kila mara, hata pale ninapotaka ileile ya mzazi, ili msomaji wa kodi aone kwamba nilifikiria. Na kwenye logi, mstari unaosema nini kimewashwa unataja pia kimewashiwa wapi. Kwa mchakato uliokwisha kuamka na logi yake haisemi kitu, Linux inakujibu kwa `readlink /proc/4121/cwd`, ukiweka namba ya mchakato wako mahali pa hiyo. Kama mchakato ni wa mtumiaji mwingine, itabidi uwe na ruhusa za msimamizi.